Jibu kwa Msomaji wa Chumbageni: Kuchunguza Tabia za Ndege Kutoka Ghorofani

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Ninaishi ghorofa ya tatu, maeneo ya Chumbageni, Tanga mjini. Roshani yangu inatazama miembe na minazi michache, na kwa mbali naiona bahari. Tangu nihamie hapa nimekuwa nikiwaangalia ndege asubuhi na jioni. Naona kunguru wakimfukuza mwewe, naona vijindege vyeusi vikizunguka jengo kwa makelele wakati wa magharibi, na kuna chozi mmoja anayekuja kupigana na kioo cha dirisha la chumbani. Juu, penye tangi la maji, kuna bundi, na majirani wanataka afukuzwe. Mama yangu anasema dudumizi akilia mvua inakuja. Nimeanza kuandika haya yote kwenye daftari, lakini mume wangu ananiambia kwamba nawatungia ndege hadithi. Nitajuaje kwamba ninachokiandika ni tabia ya ndege kweli, na si mawazo yangu?"

Jibu:

Marahaba. Mume wako amegusa jambo ambalo kila anayechunguza wanyama hukutana nalo, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au profesa mwenye mvi. Jicho la binadamu huona tendo, na moyo wake papo hapo hulipa tendo hilo sababu, na baada ya siku mbili sababu ile hukumbukwa kana kwamba nayo ilionekana. Dawa yake si kuacha kuandika, bali ni kuandika kwa utaratibu utakaomwezesha mtu mwingine, hata huyo mume wako asiyeamini, kusoma daftari lako na kutenganisha kilichopita mbele ya macho yako na kile ulichokidhania. Nitakueleza utaratibu huo kwa kuwatumia ndege hao hao uliowataja, maana umebahatika kupata mkusanyiko mzuri.

Tuanze na kunguru na mwewe, kwa sababu hapo ndipo hadithi hutungwa kwa urahisi zaidi. Sentensi kama "kunguru walimkasirikia mwewe wakamfukuza" ina tendo moja na dhana moja, na dhana imetangulia. Linganisha na maandishi haya: "Saa 1:10 asubuhi mwewe mmoja alitokea upande wa bahari, akiruka usawa wa paa. Hakuwa na kitu kuchani. Kunguru wawili waliondoka kwenye mwembe mkubwa, mmoja akapanda juu yake na mwingine akamfuata nyuma. Yule wa juu alimshukia mara tatu bila kumgusa. Mara ya tatu mwewe alijipindua na kutoa kucha. Kunguru walimwacha alipovuka barabara na kurudi kwenye mwembe ule ule. Muda wote kama dakika mbili." Hapa hakuna hasira wala chuki, lakini kuna mambo ambayo baadaye yatakusaidia kujibu swali la maana: mwewe alikuwa na mzigo au hakuwa nao, kunguru walitoka wapi, waliishia wapi, na walirudi wapi.

Mambo hayo ni muhimu kwa sababu kunguru humsumbua mwewe kwa sababu zaidi ya moja. Mwewe hula makinda ya ndege wengine, kwa hiyo kunguru wenye kiota humwondoa karibu na mti wao. Lakini mwewe pia ni ndege anayebeba chakula hewani, na kunguru ni mwizi hodari anayejua kwamba aliyebeba mzigo akisumbuliwa vya kutosha huuangusha. Ukitazama tukio moja huwezi kutofautisha ulinzi na unyang'anyi. Ukiwa na matukio mengi yaliyoandikwa kwa namna niliyoonyesha, tofauti hujitokeza yenyewe: ulinzi huzunguka mti mmoja na hukoma kwenye mpaka unaokaribia kuwa ule ule kila mara, wakati unyang'anyi hufuata mzigo popote uendako na hukoma mzigo unapoanguka. Huhitaji kuambiwa na mtu yeyote, wala huhitaji kubahatisha.

Ni vyema pia ujue unamtazama kunguru yupi. Aliyejaa mijini kwetu ni kunguru wa India, mwembamba, mwenye rangi ya kijivu shingoni na kifuani. Si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, na kutoka huko na katika bandari nyingine amesambaa mwambao mzima wa Afrika Mashariki. Kunguru wetu wa asili ni mkubwa zaidi, mweusi, mwenye nyeupe safi kifuani inayozunguka hadi nyuma ya shingo, na katika miji ya pwani amepungua sana tangu huyu mgeni ashike mitaa. Ukimwona wa asili, hata mara moja, andika tarehe, saa na alichokuwa akikifanya, hasa kama kunguru wa India walikuwa karibu na wakamfanyia jambo lolote. Kumbukumbu ya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Sasa wale vijindege vyako vya magharibi. Kwa maelezo yako, na kwa kuwa wanazunguka jengo lenyewe badala ya kupita tu, karibu nina hakika kwamba ni teleka wadogo, ambao wengi wetu huwajumuisha na mbayuwayu. Hakikisha kwa alama tatu. Tazama juu ya mkia: teleka mdogo ana baka jeupe kiunoni, na mkia wake umekatika wima bila panda. Tazama koo, nalo ni jeupe. Kisha tazama nyaya za umeme. Mbayuwayu hutua kwenye waya na kukaa kwa raha akichambua manyoya, lakini teleka hutamwona akiwa juu ya waya hata siku moja, kwa kuwa miguu yake ni mifupi mno na kucha zake zimeumbwa kwa ajili ya kung'ang'ania ukuta uliosimama. Kwake, jengo lenu ni jabali lenye nyufa. Hula hewani, hunywa maji akipita juu yake bila kutua, na hata manyoya na nyasi za kujengea kiota huvidaka vikiwa vinapeperuka, kisha huvigandisha chini ya dari au kwenye kona ya zege kwa mate yake.

Katika hao ndimo ningekushauri uanze kazi yako ya kweli, kwa sababu moja tu: hawahami mahali. Chozi huenda kwenye maua yaliyochanua, kunguru hufuata taka, lakini teleka wadogo hulala viotani mwaka mzima, hata wasipokuwa na mayai. Tafuta kona ambayo viota vyake unaweza kuviona kutoka roshani bila kuegemea nje wala kupanda popote. Kaa nusu saa wakati mmoja ule ule wa siku, kwa mfano kuanzia saa 11:30 jioni, na uandike kila ndege anayeingia na kila anayetoka. Akiingia na unyoya mdomoni, andika. Akiingia na koo lililovimba, andika kwa msisitizo, kwa maana teleka hukusanya wadudu wengi wadogo na kuwabana kooni kuwa donge moja kabla ya kuwapelekea makinda, na koo hilo lililojaa huonekana hata bila darubini mwanga ukiwa mzuri. Siku utakapoanza kuona makoo yaliyovimba utajua kwamba mayai yameanguliwa, na utakuwa umejua hivyo bila kugusa kiota. Makinda hukaa kiotani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuruka, kwa hiyo unao muda wa kutosha wa kuona jinsi mapito ya wazazi yanavyoongezeka na kupungua.

Yale makelele yenyewe, ya kundi linalobana na kuzunguka jengo kwa kasi huku wote wakipiga ukelele mwembamba, ni jambo la pamoja la ndege wa viota jirani, na hutokea zaidi kabla ya kuingia kulala. Usiandike kwamba wanafurahi. Andika walikuwa wangapi, walianza saa ngapi, walizunguka upande gani, wingu lilikuwaje, na wangapi waliingia viotani mara tu kundi lilipovunjika. Nakuahidi kwamba ukipitia kurasa hizo utaona mpangilio ambao hukuutazamia.

Na kwa kuwa unayo minazi mbele yako, utazame pia upande wa chini wa makuti yaliyokauka yanayoning'inia. Huko hukaa teleka wa minazi, mwembamba kuliko yule wa jengo, wa rangi ya kijivu-kahawia, mwenye mkia mrefu wenye panda. Kiota chake ni kijisahani cha manyoya kilichogandishwa kwa mate kwenye kuti lililosimama wima, na mayai yake nayo hugandishwa kwa mate ili yasianguke. Mzazi huatamia akiwa amesimama wima, amelishika kuti kwa kucha, na kinda likianguliwa hushika hivyo hivyo. Upepo wa kusi unapoyapeperusha makuti usiku kucha, mayai hubaki mahali pake. Nimewachunguza ndege wengi maishani, lakini sijaona ubunifu wa kiota unaonigusa kuliko huu, na unao mbele ya roshani yako.

Kuhusu chozi wa dirishani, huyo hapigani na kioo. Anapigana na dume mwenzake, au ndivyo macho yake yanavyomwambia. Chozi dume hulinda eneo lenye maua na jike, na kivuli chake kwenye kioo kina rangi zote za mshindani, kinamjia kila anapokijia, na hakikimbii kamwe. Hapa ni mahali pazuri pa kukuonyesha kwamba swali la "kwa nini" huwa ndani yake mna maswali kadhaa. Mholanzi Niko Tinbergen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, aliandika mwaka 1963 kwamba tabia yoyote inaweza kuulizwa maswali manne: ni nini kinachoiamsha wakati huo, imekuaje katika maisha ya mnyama tangu utotoni, ina faida gani katika kuishi na kuzaa, na imetokana na nini katika historia ndefu ya ukoo wake. Kinachomwamsha chozi wako ni sura iliyo kiooni. Faida ya tabia hiyo, mahali pasipo na vioo, ni kubaki na maua na mwenza. Hayo ni majibu mawili tofauti na yote ni ya kweli, na ugomvi mwingi wa watu kuhusu wanyama hutokea pale mmoja anapojibu swali la kwanza na mwingine la tatu.

Jibu la kwanza unaweza kulithibitisha mwenyewe wiki hii. Kioo hurudisha sura vizuri nje kunapokuwa na mwanga mkali na chumbani kukiwa giza, na vioo vya rangi vya madirisha ya aluminiamu huzidisha jambo hilo. Andika saa anazokuja na uzilinganishe na saa ambazo wewe, ukisimama nje ya dirisha au ukichungulia kutoka roshani, unaiona miti ndani ya kioo. Kisha bandika gazeti kwa nje, si kwa ndani. Pazia la ndani halisaidii, na mara nyingine huzidisha, kwa kuwa nyuma ya kioo huwa na giza zaidi. Akiacha dirisha hilo na kuhamia la pili lisilofunikwa, umepata ushahidi. Akiacha kabisa, endelea kulifunika kwa siku kadhaa, kwa sababu dume anayetumia asubuhi nzima kupigana na kivuli hapati muda wa kula vya kutosha. Wavu wa mbu ukifungwa upande wa nje hufanya kazi hiyo hiyo bila kulitia chumba giza.

Wakati huo huo mtafute jike. Hana rangi za kumeremeta kama za dume, na kwa sababu hiyo watu hawamwoni, ilhali yeye ndiye anayejenga. Kiota ni mfuko unaoning'inia kwenye ncha ya tawi, una mlango wa pembeni wenye kijipaa juu yake, na umefungwa kwa utando wa buibui. Ukimwona ndege mdogo wa kijani-kahawia akikusanya utando kwenye kona za roshani yako, usifagie kona hizo kwa muda, umfuate kwa macho mpaka uone anakoelekea. Na ukimwona kwenye ua la mgomba au la mlonge, tazama kama anafyonza utamu wa ua au anadaka vidudu vilivyo ndani yake. Makinda yake hulishwa zaidi wadudu na buibui.

Nije kwa bundi, na hapa nitasema kwa uzito kwa sababu uhai wake uko hatarini. Najua kwamba kwetu bundi akitua juu ya nyumba watu husema ni uchuro, na sitaki kuwadharau wazee waliotulea kwa maneno hayo. Ninachoweza kukueleza ni kile bundi wa penye tangi anachokifanya usiku, na hicho kinaweza kuchunguzwa. Kama uso wake ni mweupe wenye umbo la moyo, na sauti yake ni mkwaruzo mrefu badala ya mlio wa kina, basi ni yule bundi wa majumbani anayepatikana katika sehemu kubwa ya dunia. Huwinda kwa kusikia. Masikio yake hayako usawa mmoja, moja liko juu kidogo kuliko lingine, na tofauti ndogo ya sauti inayofika kila upande humwezesha kumpata panya gizani.

Humeza panya mzima, kisha baada ya saa kadhaa hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Vidonge hivyo utavikuta chini ya mahali anapokaa mchana, vyeusi na vinavyong'aa vikiwa vibichi, vya kijivu vikikauka. Vaa glavu, chukua vichache, uviloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uvifungue taratibu kwa sindano mbili na uhesabu mafuvu. Fuvu la panya utalitambua kwa meno marefu ya mbele ya rangi ya manjano. Weka mafuvu hayo juu ya karatasi nyeupe na uwaite majirani waje kuona. Sijui njia bora zaidi ya kumtetea ndege huyu katika jengo la watu wengi, kwa sababu kila mmoja wao ana habari zake za panya jikoni.

Majirani wana haki katika jambo moja: kinyesi karibu na maji ya kunywa hakikubaliki. Mwombeni msimamizi wa jengo auzibe mfuniko wa tangi vizuri, jambo ambalo lingepaswa kufanywa hata kama bundi asingekuwepo. Na muwe na makubaliano kuhusu sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea kwa ulegevu, huwa windo rahisi, na bundi anayemla hula sumu ile ile. Mtego ni salama zaidi kwa bundi na kwa paka wenu pia. Kama ana mayai huko juu, kumfukuza ni kuyaua makinda. Bundi wa aina hii huanza kuatamia mara tu yai la kwanza linapotagwa, kwa hiyo makinda huwa wa ukubwa tofauti, mkubwa na mdogo wakipishana kwa siku nyingi, na mama akiondoka wadogo ndio hufa kwanza.

Mama yako naye hajakosea kuwa na dhana kuhusu dudumizi. Dhana ni mwanzo wa uchunguzi, ilimradi mtu akubali kuipima. Sauti yake unaijua, ile inayoteremka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba. Tatizo ni kwamba tunakumbuka siku alizolia mvua ikanyesha, na tunasahau nyingine zote. Kwa hiyo chora mistari kwenye ukurasa upate vyumba vinne: alilia na mvua ikanyesha kabla ya kesho yake jioni, alilia na mvua haikunyesha, hakulia na mvua ikanyesha, hakulia na mvua haikunyesha. Kila siku ijazwe katika chumba kimoja, bila kuruka, hata siku ambazo hazina la kusimulia.

Kisha uwe mwangalifu na majira. Mwezi wa Aprili au Mei, masika yakiwa yamepamba moto hapa Tanga, mvua hunyesha siku nyingi kiasi kwamba hata jogoo akiwika utaweza kusema ametabiri. Kipimo cha haki ni katika miezi mikavu, Januari na Februari kaskazi inapovuma, au Agosti. Dudumizi huzaa wakati wa mvua, na ndege hulia zaidi anapotafuta mwenza na kulinda eneo, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba sauti na mvua huja pamoja kwa kuwa vyote viwili vimo katika msimu mmoja. Vyumba vinne vya miezi mikavu ndivyo vitakavyoonyesha kama kuna zaidi ya hapo. Mshirikishe mama yako katika kujaza. Yeye anaitambua sauti hiyo kuliko wewe.

Umeona kwamba katika vyumba vile, viwili vinahusu siku ambazo ndege hakufanya kitu. Hilo ndilo linalosahaulika zaidi katika madaftari ya wanaoanza. Wengi huandika pale tu makelele yanapotokea, na matokeo yake daftari linaonyesha kwamba kunguru hupigana mchana kutwa. Mmarekani Jeanne Altmann, aliyewachunguza nyani wa Amboseli nchini Kenya, alichapisha mwaka 1974 makala ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii, na jambo kuu ndani yake ni rahisi kutekeleza roshani. Mchague ndege wa kumfuatilia kabla hajafanya lolote la kuvutia, uamue utamfuatilia dakika ngapi, na usimwache hata kama pembeni kunazuka vurugu. Au, kama wako wengi, tazama saa na kila baada ya dakika 5 andika kila mmoja anafanya nini wakati huo: amekaa, anakula, anajichambua, anaruka. Utashangaa jinsi kunguru anavyokaa kimya.

Na usidhani kwamba kazi ya namna hii inahitaji msitu wa mbali. Mkoani kwetu, pale Amani katika milima ya Usambara Mashariki, Mwingereza Reginald Moreau aliajiriwa mwaka 1928 katika kituo cha utafiti wa kilimo, na kazi yake rasmi ilikuwa ya ofisini na maktabani. Alikaa hadi mwaka 1946. Yeye na wasaidizi wake Waafrika walikaa mbele ya viota kwa saa nyingi, wakihesabu mzazi anaingia mara ngapi na kukaa muda gani, na kwa hesabu hizo aliandika kuhusu mbayuwayu na teleka, ndege wa aina hiyo hiyo wanaozunguka jengo lako. Mwaka 1944 alichapisha ulinganisho wa idadi ya mayai, akionyesha kwamba ndege wa nchi za joto hutaga machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi. Wengi wa walioketi na kuhesabu hawakuwa wasomi wa vyuo. Walikuwa watu waliojua kutulia.

Nakutajia ulinganisho ule kwa sababu nyingine pia. Habari nyingi utakazozisoma kuhusu tabia za ndege zimeandikwa kwa kufuata Ulaya na Marekani, ambako urefu wa mchana hubadilika sana na ndege huanza kuzaa siku zinaporefuka. Tanga iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki dakika 40. Kalenda ya ndege wa hapa ni mvua na pepo. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa andika upepo uliopo, kusi au kaskazi, na kama mvua ilinyesha. Wakati wa kaskazi utawaona mbayuwayu wa Ulaya na Asia wamejipanga kwenye nyaya, na ukitazama kuelekea mikoko jioni huenda ukawaona keremkerem wekundu wakielekea kulala. Hao hushuka pwani wakati kaskazini mwa dunia kuna baridi. Ifikapo Mei wote watakuwa wameondoka, na tarehe ya mwisho ya kumwona kila mmoja ni habari kamili peke yake.

Kwa vifaa, daftari, kalamu ya risasi na saa vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Ukitaka darubini, nunua yenye maandishi 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, kwa maana inaingiza mwanga wa kutosha wakati wa magharibi na mkono hautetemeki. Waeleze majirani wa jengo la mbele unachokifanya kabla hawajajiuliza unachungulia nini kwao, na usielekeze kamera upande wa bandari wala penye vyombo vya usalama.

Usiwawekee chakula. Najua inavuta, lakini mabaki ya ugali na wali yatakuletea kunguru wa India na panya, na kunguru wakizoea roshani yako watamaliza mayai na makinda ya ndege wadogo walioko kwenye mwembe. Isitoshe, utakuwa unachunguza tabia ya ndege mbele ya sahani yako badala ya tabia yake mwenyewe. Beseni la maji lenye kina cha vidole viwili halina ubaya huo, mradi uyabadilishe kila siku, kwa kuwa maji yakituama siku nyingi mbu wa dengi watazaliana humo. Na kama jengo litapakwa rangi, mwonyeshe msimamizi viota vyenye makinda na umwombe kona hizo ziachwe za mwisho. Daftari lako litamwambia ni wiki ngapi zimebaki.

Ukishajaza miezi kadhaa, kumbukumbu zako zinaweza kuwafaa wengine. Ipo Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya kumbukumbu za nani ameonekana wapi na mwezi gani, na ipo eBird, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambayo hupokea orodha kwa simu. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na waangalizi wengi hukimbilia mbugani na milimani, hivyo kumbukumbu za kila wiki kutoka jengo moja la mjini ni chache. Peleka tarehe, saa, muda uliokaa, idadi na mahali. Ndege usiyemtambua mwandike kwa maumbile yake, rangi, mdomo, mkia na alichokifanya, na nafasi ya jina iache wazi.